Alhamisi Saa Tisa, Chumba cha Kupimia Watoto

Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke mmoja nisiyemjua. Huenda yuko Robanda, huenda yuko Sirari, huenda ni jirani yangu kabisa. Anakunywa akiwa amefunga mlango, kisha anatafuna majani ya mpera ili watoto wasisikie harufu. Mimi niliyatafuna majani hayo miaka sita. Dada, hayasaidii. Watoto wanajua.

Jina langu Rhobi. Nimezaliwa upande wa Tarime, nikaolewa Busawe, wilaya ya Serengeti, na aliyenioa ni mwanamke. Kwa wasio Wakurya nieleze kidogo. Mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Kwetu si jambo la ajabu; ni kama kuwa na mama mkwe bila mume katikati. Mama yangu huyo anaitwa Nyangi. Nilifika kwake nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akanipa chumba chenye dirisha la kioo, na wanangu wawili, Wegesa na mdogo wake Mwita, wanatumia jina la marehemu mume wake.

Mama Nyangi alikuwa mpika pombe, tena si wa kubahatisha. Watu walipita nyumba tatu zenye busaa, pombe yetu ya nafaka, ili wafike kwake. Yeye mwenyewe hakuinywa. Aliipima kwa pua na kwa macho. Kuonja ilikuwa kazi yangu. Mwanzoni kikombe kimoja, kuona kama imekolea. Katika nyumba ya pombe, mtu mwenye kikombe mkononi yuko kazini, hakuna anayemshangaa. Miaka ikaenda. Kikombe kikawa kopo, busaa ikawa hainitoshi, nikaanza kununua gongo kwa jirani ng'ambo ya korongo na kuificha kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kula.

Mwili ulisema kabla mdomo wangu haujasema. Asubuhi mikono ilitetemeka hata nikashindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mpaka ninywe kwanza. Miguu ilivimba, nikawa navaa kandambili za Mama Nyangi maana zangu hazikuingia. Siku zangu za mwezi zilikatika, nikafikiri ni mimba, nikasubiri mtoto ambaye hakuwepo. Uso ukawa wa mtu mwingine. Wegesa, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, aliacha kula na sisi jioni. Alichukua sahani yake akaenda kukaa na ng'ombe. Siku moja nilikuta kwenye begi lake barua ya shule ya kuwaita wazazi. Tarehe ilikuwa imeshapita. Alikuwa ameikunja mara nyingi sana, ikawa ndogo kama kidonge.

Nilianguka shambani wakati wa palizi ya mahindi. Macho yangu yalikuwa ya njano kama kiini cha yai, na tumbo halikubali hata maji. Mama Nyangi alinipakia kwenye pikipiki, nikiwa katikati, yeye nyuma amenikumbatia kama mzigo wa kuni, mpaka hospitalini Mugumu.

Pale kwenye benchi la kusubiri tulikaa tangu asubuhi na watu wengi, mgonjwa mmoja akitoka sote tunasogea. Mama aliwaambia waliokaa karibu kwamba nina malaria. Tulipoingia, nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, hakuniangalia usoni. Aliiangalia mikono yangu.

"Dada, unakunywa kiasi gani?"

Kabla sijajibu, Mama akadakia, "Huyu? Anaonja tu."

Nesi akacheka kidogo, bila ubaya. "Mama, huyu ameonja mpaka ini limejua."

Nilikaa wodini siku tisa. Ya tatu sitaki kuikumbuka, lakini nitaisema kwa sababu ya wewe unayesoma. Nilidhani ukuta umejaa siafu. Nikapata degedege, mimi mtu mzima, na nilipozinduka nilikuwa na dripu mkononi na ulimi una jeraha. Daktari aliniambia kama ningekuwa nimeamua kuacha nyumbani peke yangu, ghafla, ningeweza kufa. Kwa hiyo sikiliza: kama unakunywa kila siku, usifunge mlango ukaacha kwa ushujaa. Nenda hospitali ukaachie huko.

Lakini wodi ilikuwa na mema yake. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa na mguu uliovunjika, alinisuka nywele akiwa amelala ubavu, mistari imepinda yote. Ndugu zake walileta chai ya maziwa na viazi vitamu, kila mara vikombe viwili, kana kwamba nami ni wao. Siku ya sita nilikunywa uji wote na ukakaa tumboni. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya kutoka, yule nesi, tumwite Nesi Matinde, alinikabidhi dawa. "Hizi utameza zitaisha," alisema. "Kilichobaki hakiuzwi duka la dawa. Tafuta kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha watu walioacha. Peke yako hutaweza, usinibishie." Akaandika nyuma ya bahasha ya vidonge: ukumbi wa kanisa, Mugumu, Jumamosi saa nne.

Nyumbani kulikuwa na mapipa mawili yanachemka. Harufu ilinipokea getini. Nilimwomba Mama apumzike kupika hata mwezi mmoja. Aliweka mwiko chini.

"Rhobi, pombe hii ndiyo iliyokuoa," alisema. "Ng'ombe waliokwenda kwa baba yako walitoka kwenye hili pipa. Sare za Wegesa zinatoka hapa. Wewe umeugua, pole. Sasa na mimi niugue?"

Alisema kweli. Tukakubaliana apikie nyuma ya zizi, na mimi nisionje tena. Ndivyo nilivyoanza kuacha pombe katika nyumba inayonuka pombe.

Jumamosi nikaenda Mugumu. Nilivaa gauni langu la kitenge na viatu, maana sasa viliingia. Ukumbini nilikuta wanaume kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Mwenyekiti wao, mzee mpole, dereva mstaafu, alisimama kunipokea.

"Karibu, mama. Umemleta nani?"

"Sijamleta mtu."

Akaangalia nyuma yangu, mlangoni. "Mzee yuko nje? Mwambie aingie, hapa hatuli watu."

"Ni mimi," nikasema. "Mgonjwa ni mimi."

Wanaume wakaangaliana. Halafu wakanipa kiti, na kusema ukweli walikuwa watu wema. Walizungumza habari zao: mmoja alifukuzwa kazi kambini huko mbugani, mwingine aliuza mabati ya nyumba yake yakiwa bado juu ya nyumba. Nilijifunza mengi pale. Nilijifunza kuhesabu siku. Nilijifunza kubeba pipi mfukoni, kwa sababu mwili unaotafuta pombe unaweza kudanganywa na sukari. Lakini kila walipozungumza kuhusu nyumbani, walisema "mke wangu alivumilia", "mke wangu aliniombea". Mimi nilikuwa na watoto walioacha kula na mimi. Ningesemaje mbele yao habari za siku za mwezi zilizokatika? Ningesemaje kwamba kuna mara nilikunywa huku nanyonyesha? Nilisema jina langu na siku zangu, nikakaa.

Nilienda mara tano. Mara ya tano, sokoni, muuza nyanya mmoja nisiyemfahamu aliniambia, "Wewe ndiye yule mama mlevi wa Jumamosi? Hongera, shemeji yangu amenisimulia." Sikurudi tena. Siwalaumu wote kwa mdomo wa mmoja. Wapo wanaume waliopona katika duara lile, na kama wewe ni mwanaume unayesoma haya, huenda ndipo pako. Hapakuwa pangu tu.

Dada yangu wa tumbo moja, aliyeolewa Tarime mjini, aliposikia alinipeleka kwenye nyumba moja ya maombi. Jina naliacha. Nami ni Mkristo, naomba asubuhi na jioni, kwa hiyo sina vita na maombi. Lakini pale hawakutaka nizungumze. Walitaka nipone siku hiyohiyo, kabla ya saa sita. Walinisimamisha mbele, wakanishika kichwa, wakaniambia nitamke kwamba nimefunguliwa. Nikatamka. Umati ukapiga makofi na vigelegele, wakanipigia ngoma, dada yangu analia kwa furaha. Nilirudi Busawe nikiwa mtu aliyepona. Na mtu aliyepona, nikajiambia, anahesabu siku za nini? Anaogopa nini kupita ng'ambo ya korongo?

Siku ya nne nilikuwa natoka kufua mtoni. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa na siku sabini na mbili, zikaisha kabla nguo hazijakauka.

Wegesa ndiye aliyenikuta kwenye nyasi karibu na njia. Hakupiga kelele. Alinivua viatu, akavibeba mkono mmoja, na mkono mwingine akanishika mimi. Asubuhi yake nilimwita nikaanza kusema, "Mwanangu, nakuahidi..."

"Usiniahidi, Mama," akanikatisha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe nenda tu huko kwenye vikao. Usiniahidi."

Nilirudi hospitalini, kwenye benchi lilelile. Safari hii Mama Nyangi hakusema malaria. Alipoulizwa na jirani wa benchi, alijibu, "Ni pombe. Tumekuja mapema safari hii." Nesi Matinde hakunigombeza. Alinipima, akanipa vidonge vya kunituliza vya siku chache nivimeze Mama akiniangalia, akasema, "Umerudi kwa miguu yako. Mara ya kwanza ulibebwa." Neno hilo dogo lilinishika mkono kuliko vigelegele vyote vya Tarime.

Yeye ndiye aliyeniambia kuna kikao kingine kule Sirari, mpakani na Kenya, na kwamba wanawake huhudhuria. Kutoka Busawe mpaka Sirari ni safari ya kuondoka alfajiri: pikipiki, kisha gari, kisha gari jingine Tarime mjini. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa tope tupu. Nilifika viatu vikiwa na uzito wa matofali. Kikao kilifanyika chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja, watu wa pande zote mbili za mpaka, wanaume na wanawake, na kila mtu alikuwa amejipangia cha kusema.

"Karibu, madam," aliniambia kijana wa Migori aliyekuwa anaongoza. "Feel free. Sema tu vile unafeel."

Waliposoma, walisoma Kiingereza. Waliposimulia, walichanganya, na mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa nashika neno moja naachia matatu. Wenzangu walicheka nikachelewa kucheka, wakanyamaza nikawa bado natabasamu. Ila nilijua mahali pale watu wanapona, kwa sababu niliona nyuso zao. Ilikuwa kama kusimama dirishani kwenye nyumba ya harusi.

Nilipokuwa nakwangua tope nje kabla ya kuondoka, mwanamke mmoja alikuja na kijiti akaanza kukwangua kiatu cha pili. Alikuwa Mjaluo, mfanyabiashara wa dagaa, umri wa kunizidi kidogo. Anaitwa Akinyi.

"Umetoka mbali?"

"Busawe."

"Busawe!" Akaacha kukwangua. "Na utarudi wiki ijayo?"

"Sijui, dada. Nauli. Na lugha yenyewe."

"Hata mimi mwanzo nilikuwa naitikia tu amina." Tukacheka. Akanipa namba yake. "Usije huku kila wiki, utachoka uache. Wewe nipigie Alhamisi saa tisa, nikiwa nimeshafunga biashara. Watu wawili wakiongea ukweli, hicho tayari ni kikao."

Nikawa napiga. Alhamisi saa tisa nilipanda kwenye jiwe nyuma ya zizi, pale ambapo mtandao unashika, nikamwambia Akinyi yote. Ya kunyonyesha nikamwambia. Nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema, "Mimi wangu nilimwangusha kutoka mgongoni. Ana kovu hapa kwenye nyusi. Ni mwalimu sasa." Basi. Hakunipa ushauri wowote. Siku hiyo nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu usichana.

Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, mimi napiga simu. Siku moja Akinyi akaniuliza, "Hivi huko Busawe nzima, mwanamke anayekunywa ni wewe tu?"

Nikacheka. "Wapo. Nawajua hata kwa majina. Wengine nimewauzia mwenyewe."

"Basi huna shida ya kukosa kikao, Rhobi. Una shida ya kukosa chumba."

Neno hilo lilikaa nami wiki nzima. Chumba. Nyumbani haikuwezekana, mapipa yako nyuma ya zizi. Shuleni watoto wangetuona. Kanisani wangetuuliza sisi ni kwaya gani. Halafu nikapata wazo nikiwa nimempeleka jirani yangu mjamzito zahanati. Kwenye zahanati yetu kuna chumba cha kupimia watoto uzito. Kinatumika Jumanne tu. Na mwanamke anayekwenda zahanati amejifunga kanga, nani atamuuliza anakwenda kufanya nini?

Tabibu wa zahanati alinisikiliza, akakuna kidevu. "Mtahitaji nini?"

"Ufunguo, na wewe usiulize nani anaingia."

"Ufunguo nitakupa," akasema. "Na sitauliza."

Alhamisi ya kwanza nilikaa peke yangu saa nzima chini ya mizani inayoning'inia, na picha za ukutani za watoto wanaonawa mikono. Nilikuwa nimewagusia wanawake wanne, mmojammoja, kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Hakuja hata mmoja. Nikampigia Akinyi, tukafanya kikao chetu cha wawili. Alhamisi ya pili hivyohivyo. Ya tatu, saa tisa na nusu, mlango ukasukumwa kidogo. Alikuwa Mgesi, mke wa fundi baiskeli. Mkononi ameshika kadi ya kliniki ya mtoto.

"Nimekuja kumpima mtoto," akasema.

"Yuko wapi?"

Mgesi akaangalia kadi. Nami nikaiangalia. Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la sita.

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta, halafu akaanza kulia, nikampisha kwenye benchi. Kadi aliishika mpaka mwisho. Mpaka leo wanawake wetu huja na kadi za kliniki mikononi, hata wenye wajukuu.

Tulikuwa wawili, tukawa wanne, wakati wa kuvuna ulezi tukawa saba. Mmoja hutoka Robanda, analala kwa shangazi yake Jumatano ili awahi. Kikao chetu hakina mambo mengi. Kila mmoja husema jina lake na siku zake. Anayetaka kusema zaidi anasema, kwa Kikurya, kwa Kiswahili, kwa kilio, vyovyote. Hatupigi makofi, kwa sababu makofi humfanya mtu aone aibu kurudi akianguka. Tunakuja na maharage ya kuchambua kwenye ungo, maana mikono isiyo na kazi hukumbuka kikombe. Wawili wameshaanguka tangu tuanze. Mmoja amerudi. Mwingine tunapita nyumbani kwake kila Jumapili, tunamsalimia, tunaondoka.

Kuhusu kikao kinachofaa, nimejifunza hili tu: usiulize kama ni kizuri, uliza kama utarudi. Jaribu kimoja, jaribu cha pili, cha tatu. Kukosa pako mara ya kwanza si dalili kwamba wewe hufai. Mimi nilifika kwangu mara ya nne, tena kwa kuomba ufunguo.

Mwili nao umerudi kidogo kidogo, kama ng'ombe wanaorudi jioni, mmoja mmoja. Kwanza usingizi. Kisha uzi ukapita kwenye sindano. Kisha siku zangu za mwezi, zilizoniletea furaha ambayo mwanamke mwingine hataielewa. Ini daktari anasema limebaki na kovu, nisilichezee. Nakwenda kupimwa kila baada ya miezi michache na sasa kwenye benchi la kusubiri nachukua maharage yangu. Na mwezi wa saba mwaka jana Wegesa aliingia jikoni na karatasi, akaiweka juu ya kinu, akasema, "Ijumaa saa tatu, kikao cha wazazi. Usichelewe, mwalimu wetu hapendi." Ilikuwa imenyooka, haikuwa na mkunjo hata mmoja. Nilifika saa mbili kasorobo. Nikasubiri nje na mfagiaji.

Yaliyobaki ni ya Mama Nyangi.

Mwezi wa kumi na mbili kwetu ni msimu wa tohara. Ngoma mchana kutwa, vijana wamepakwa unga, na kila nyumba yenye sherehe ina pombe. Kwa mpika pombe ndio mavuno. Vikao vyetu vilikuwa vimeuogopa msimu ule tangu mwezi wa tisa. Basi akaja Mzee Wambura, mkubwa wa ukoo wa marehemu, na wenzake wawili, kuagiza pombe kama kila mwaka. Niliwapa viti, nikawaamkia kama baba zangu, "Shikamoo, tata," wakaitikia. Nikaingia ndani lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Nyangi, safari hii tunataka mapipa manne," mzee akasema. "Tuna wajukuu wengi."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha. "Mwaka huu sipiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa nani atapika? Watu watasema nini? Nyumba hii tangu lini ikakosa pombe msimu wa tohara?"

"Tangu leo."

"Ni huyo mkeo," mmoja wa wale wazee akasema kwa sauti ambayo alijua nitaisikia. "Amekuja na mambo ya hospitali. Mwanamke uliyemtolea ng'ombe ndiye anakupangia?"

Ungo ukanyamaza. "Ng'ombe nilitoa ili nyumba yangu iwe na watu," Mama akasema. "Nilikaribia kubaki na mapipa. Nitawapikia togwa, hata mapipa sita. Mkitaka pombe, njia mnaijua."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Mzee Wambura hakutusemesha mpaka sikukuu ikapita, na kuna watu wa ukoo ambao hadi leo wanapita mbali na boma letu. Mama hakuniambia chochote kuhusu mazungumzo yale, wala mimi sikumwambia kwamba nimesikia. Alipika ugali, tukala, wote wanne, Wegesa akiwa amekaa katikati yetu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, nilipokuwa nafunga kanga, nilimwona naye anafunga yake.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Si zahanati?"

Tukaenda pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Alipoingia aliketi kwenye stuli ya nesi karibu na mlango, ungo wa maharage mapajani, kama mtu aliyekuja kunisindikiza tu. Tulikuwa tisa. Tukaanza upande wa dirisha: jina, siku. Jina, siku. Nilipomaliza mimi, nilitaka kumpa Mgesi nafasi ya kufunga kikao. Mama akainua mkono.

"Naitwa Nyangi," akasema. Sauti yake, ambayo huwafukuza walevi wakaidi getini, ilikuwa ndogo. "Mimi sinywi. Sijawahi. Lakini nimepika pombe tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Wapo niliowazika ambao walikuwa wakinywea kwangu. Kila mara nilikwenda msibani na sufuria ya chakula, nikarudi, nikawasha moto." Akapitisha vidole kwenye maharage. "Leo ni siku yangu ya tisa sijaukoka moto huo. Asubuhi naamka nazungukazunguka uani. Sijui kama na mimi natakiwa kuwa humu."

Nje mtoto alilia, mama yake akambembeleza. Kisha Mgesi akavuta ungo wake, akajisogeza kwenye benchi mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Toka hapo mlangoni, Mama," akasema. "Njoo ukae na wenzako."